Ombudsman si adui wa karani

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akatoa shauri kwamba chama kimwandikie Gavana barua, ili watu wa Ombudsman wakatazwe kuwaandama wafanya kazi wa kaunti. Alipigiwa makofi mengi sana. Mimi sikupiga makofi, wala sikumjibu, kwa sababu saa ilikuwa imekwisha na wenzetu wakaao mbali walikuwa wamekwisha kusimama kwenda kutafuta matatu. Basi nimemwomba mhariri nafasi katika karatasi hii nimjibu hapa. Naye asinikasirikie, maana ni rafiki yangu wa siku nyingi na najua kinachomwuma. Ameletewa barua ya kutakiwa ajieleze juu ya leseni ya mkaaji mmoja iliyochelewa, na mkubwa wake amekwisha mwambia kwamba mzigo huo ataubeba yeye peke yake.

Jambo aliloliomba haliwezekani, na lingewezekana lisingefaa. Haliwezekani kwa kuwa Tume hiyo si idara ya Gavana. Iliwekwa na sheria ya mwaka 2011, chini ya Katiba ya 2010, na kazi yake ni kuchungua matendo ya maofisa wa Serikali Kuu na wa kaunti vile vile. Gavana hana amri juu yake. Yeye mwenyewe aweza kuandikiwa akatakiwa ajibu. Tena halifai, kwa sababu lingetuumiza sisi watu wa chini kuliko mtu mwingine ye yote. Hilo ndilo nataka kulieleza, na nitalieleza kwa urefu kidogo, mniwie radhi.

Neno hilo Ombudsman ni geni, limetoka Uswidi, ambako bunge lilimweka mtu wa kwanza wa kazi hiyo mwaka 1810, awe jicho la raia juu ya maofisa wa mfalme. Katika Afrika waliotangulia ni jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1966 walianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Chifu Erasto Mang'enya, na wajumbe wake wakawa wakisafiri mpaka wilayani kuwasikiliza watu waliodhulumiwa na maofisa. Tume ile ilikuwa na ila moja kubwa: taarifa zake zilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2001, nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Na sisi Kenya? Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Bwana Duncan Ndegwa, iliyotazama kazi na mishahara ya watumishi wa Serikali, ilishauri kwamba nchi yetu nayo iwe na Ombudsman. Shauri hilo likawekwa kwenye trei. Ninyi makarani mnaijua trei ninayoisema. Lilikaa humo miaka 36, mpaka mwaka 2007 ilipoundwa Kamati ya Kudumu ya Malalamiko ya Umma kwa tangazo la Gazeti la Serikali tu, bila sheria yake yenyewe. Ndipo ikaja Katiba mpya, na mwaka 2011 ikaja Tume tuliyo nayo sasa, iliyoanza chini ya uenyekiti wa wakili Otiende Amollo. Kwa jina refu ni Tume ya Haki katika Utawala, lakini watu huiita Ombudsman, na neno lake la kujitambulisha ni kwamba hata mnyonge ana haki.

Kabla ya hapo mkaaji wa mji alikuwa na nani? Alikuwa na diwani wake, kama diwani hakuwa rafiki wa aliyemdhulumu. Alikuwa na baraza la chifu. Alikuwa na mahakama, kama alikuwa na fedha za wakili. Mabaraza ya miji na ya wilaya yalikuwa 175 nchi nzima, mpaka uchaguzi wa Machi 2013 ulipoyaondoa na kuleta kaunti 47. Wengi wetu tulilala watu wa baraza tukaamka watu wa kaunti. Meza zilikuwa zile zile, viti vile vile, na ule usemi wetu wa "njoo kesho" tuliuhamisha pamoja na mafaili. Raia naye hakuona tofauti kubwa. Mpaka leo askari wetu huitwa kanjo, ingawa kanjo yenyewe ilikwisha kufa.

Sasa niwape kisa nilichokiona kwa macho yangu. Mji siutaji, wala kaunti siitaji, wala msinibembeleze niitaje.

Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wakavu. Kibanda chake katika soko la mji alikuwa nacho tangu siku za baraza, na ada ya kila siku alikuwa akilipa, na risiti alikuwa akiziweka katika mkebe wa majani ya chai. Soko likavunjwa ili lijengwe upya. Wachuuzi wakaondolewa wakakae kando ya barabara kwa muda, wakaahidiwa kwamba soko likiisha kila mtu atarudi mahali pake, na orodha ya majina ikaandikwa. Soko likaisha. Siku ya kugawa vibanda mama yule akakuta namba yake ina mtu mwingine, na mtu huyo amekwisha panga mitumba yake.

Mama akaandika barua, yaani mjukuu wake wa shule ndiye aliyeandika na yeye akatia kidole gumba. Akaileta dirishani. Aliyeipokea ni kijana karani, mwanachama wetu, ambaye wakati huo hakuwa hata na miaka miwili kazini. Kijana alifanya mambo matatu. Alipiga mhuri barua yenyewe na nakala ya mama. Aliiandika katika rejista ya barua ziingiazo, kwa tarehe na namba. Kisha aliipeleka kwa msimamizi wa soko, akamtia sahihi katika kitabu cha tarishi. Hayo matatu ni kazi ya dakika tano tu, lakini yakumbukeni.

Msimamizi wa soko aliisoma, akaandika maneno yake pembeni, akaipandisha kwa mkubwa wa biashara. Hapo ndipo barua ilipolala.

Mama alirudi baada ya wiki tatu. Akarudi tena mwezi uliofuata. Mara ya tatu nilikuwapo, nikamsikia kijana akimwambia kwa upole, "Mama, jambo lako bado liko juu." Mama akamwuliza, "Juu wapi mwanangu? Mbinguni?" Watu waliokuwa kwenye mstari walicheka, na mama mwenyewe akacheka kidogo, lakini mimi niliona jinsi alivyoshika ule mkebe wake. Miezi saba ilikwisha pita. Samaki alikuwa akiuza chini, juu ya gunia, na askari wetu walikuwa wakimfukuza hapo pia.

Mtu mmoja akamwelekeza aende Kituo cha Huduma, kwenye meza ya Ombudsman. Mama hakuwa na barua mpya. Alisema kwa mdomo, na ofisa akaandika anayosema. Sheria yaruhusu hivyo: malalamiko yaweza kuletwa kwa maneno au kwa maandishi, na hayana malipo. Swali la kwanza aliloulizwa ni hili: je, umekwisha kulalamika kwa ofisi yenyewe ya kaunti? Akatoa nakala yenye mhuri. Angekuwa hana nakala ile, yamkini angerudishwa kwetu aanze tena, maana Tume hupenda ofisi inayolaumiwa ipewe kwanza nafasi ya kutengeneza kosa lake.

Hapo Tume hujiuliza kama jambo hilo ni lake. Kesi iliyo mbele ya mahakama haiigusi. Jinai haiigusi pia. Kama mtu anasema ofisa alikula hongo, huelekezwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi au kwa polisi. Mashauri ya Baraza la Mawaziri hayamo. Na kama iko njia nyingine ya rufani ambayo ni ya haki na mtu aweza kuifuata, mara nyingi huambiwa aifuate hiyo kwanza. Lakini kuchelewesha, kutojibu, kuonea, kutumia mamlaka vibaya, uzembe, na utovu wa adabu kwa raia, hayo yote ni yake, na yameandikwa katika sheria. Jambo la mama likaingia pale bila shida.

Kisha ikaja barua kwa Katibu wa Kaunti. Nimeiona. Haikuwa na matusi wala vitisho. Ilieleza kwa ufupi lalamiko la mama, ikaomba maelezo ya ofisi, nakala ya orodha ya wachuuzi na nakala ya majibu aliyopewa mama, kama yapo, na ikataja siku ya mwisho ya kujibu. Basi!

Ndugu zangu, mngeona jinsi watu wazima walivyokimbia. Faili ambalo halikuweza kupatikana kwa miezi saba lilipatikana kabla ya chakula cha mchana. Na kesho yake mkubwa wa biashara alimwita yule kijana ofisini mwake, akafunga mlango, akamwambia aandike maelezo kwamba barua ya mama ilipotea mikononi mwake. Akamwambia kwamba ni jambo dogo, ataonywa tu, na yeye mkubwa atamtetea. Kijana alikuja kwangu mikono ikitetemeka. Alikuwa amekwisha andika nusu ya karatasi.

Hapa ndipo namwomba rafiki yangu wa mkutanoni asikilize vizuri. Siku ile aliyekuwa akimwonea yule kijana si Ombudsman. Ombudsman hakuwa akimjua hata jina. Aliyekuwa akimwonea ni mtu aliyekuwa akimsalimu kila asubuhi.

Tulimzuia asitie sahihi. Tulimwambia aandike maelezo mengine ya mistari minne: nilipokea barua tarehe hii, namba yake katika rejista ni hii, niliipeleka kwa fulani, sahihi yake ni hii. Nakala moja tukaweka katika ofisi ya chama. Mkubwa hakuipeleka mbele karatasi hiyo. Akapeleka jibu lake mwenyewe, maneno mengi yasiyo na kitu, kwamba jambo linashughulikiwa. Tume ikaandika mara ya pili. Mara hii hakuna aliyejibu. Nadhani walifikiri yatakwisha yenyewe kama yalivyokuwa yakiisha zamani.

Hayakuisha. Wachunguzi wawili walikuja, mmoja mwanamke. Sheria inawapa nguvu ya kumwita mtu na kutaka aonyeshe karatasi, na mtu akiwazuia au akiwadanganya ni kosa la kumpeleka mahakamani. Walitaka rejista, kitabu cha tarishi, faili, na orodha mbili za wachuuzi, ya kabla soko halijavunjwa na ya baadaye. Waliwauliza watu mmoja mmoja, kijana, msimamizi, na mkubwa. Kisha walikwenda sokoni wenyewe wakatazama kibanda, wakazungumza na wachuuzi wa safu ile.

Niliangalia sana maswali yao. Hawakuja kuuliza kama soko lilijengwa vizuri, au kama mitumba inafaa kuuzwa karibu na samaki. Hayo ni ya wenye kaunti na madiwani wao kuamua, ingawa sasa hatuwaiti tena madiwani. Wao waliuliza nani aliamua, siku gani, kwa kanuni ipi, na kwa nini mwenye barua hakujibiwa. Kila walipopata jibu waliuliza, "Imeandikwa wapi?" Ni maswali ya karani hasa. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri hayamwogopeshi hata kidogo.

Katika faili waliikuta barua ya mama, ina mhuri wa kijana, na pembeni maneno ya msimamizi wa soko kwamba mama huyu ni mchuuzi halali na arudishiwe kibanda chake. Baada ya maneno hayo hapakuwa na wino mwingine wo wote kwa miezi saba. Katika orodha ya kwanza jina la mama lilikuwamo. Katika ya pili lilikuwa limetolewa, na hakuna aliyeweza kuonyesha kikao kilicholitoa.

Jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui: Tume haiwezi kuandika taarifa ya kumchafulia mtu jina bila kumpa nafasi ya kusema na kuleta ushahidi wake. Hata mkubwa yule alipewa nafasi hiyo, na ilikuwa haki apewe. Yule kijana aliipata pia, na kwake ilikuwa mara ya kwanza katika jambo lile mtu kumwuliza yeye ilikuwaje, akakaa kimya kumsikiliza.

Mwisho wake haukuwa wa hukumu. Tume ina ruhusa ya kupatanisha, na walikaa mezani kaunti, mama, na Tume. Mama alipewa kibanda katika safu ile ile, si namba ile, maana mwenye mitumba naye alikuwa amekwisha lipa ada zake na hakujua lolote. Alipewa barua ya kuombwa radhi. Kijana hana doa katika faili lake. Mkubwa alihamishiwa ofisi nyingine na mshahara wake haukupungua hata senti.

Sitasema kwamba niliridhika. Tangu barua ya kwanza mpaka ufunguo wa kibanda ilikuwa miezi kumi na mmoja, na kwa biashara aliyoikosa mama hakulipwa kitu. Sheria yairuhusu Tume kupendekeza fidia, na mimi naona ingestahili kupendekezwa pale. Lakini kupatana ni kupatana, na mama mwenyewe alisema amechoka, anataka kuuza samaki.

Na hilo lanipeleka kwenye ila za Tume hii, maana sitaki mtu aseme nimetumwa nao. Neno lake ni pendekezo. Yaweza kuiambia kaunti irudishe kitu, iombe radhi, ilipe fidia, na itaje itafanya nini kwa siku ngapi. Kaunti ikikaa kimya, Tume hupeleka taarifa kwenye Bunge. Haina askari wa kumtoa mtu kitini. Ofisa mwenye uso mkavu aweza kungoja. Tena makamishna wenyewe ni watatu tu kwa sheria, mwenyekiti na wawili, na nchi ina kaunti 47 pamoja na wizara zote, magereza yote, na mashirika yote ya Serikali. Mtu akiniambia kwamba wanachelewa nitamwambia ndiyo, wanachelewa. Dawa yake ni kuidai Serikali iwaongezee watu na fedha, na Bunge lizisome taarifa zao badala ya kuzipokea tu. Kuwafungia mlango hakumwondolei mtu kuchelewa.

Turudi kwetu. Wako kati yetu wanaostahili kulaumiwa, na tuseme wazi. Yuko karani anayemwambia mzee wa miaka sabini "ondoka hapo, unanuka moshi." Yuko askari anayemwaga mboga za mama mtaroni halafu anachagua nyanya nzuri. Akija mtu wa Tume kumwuliza huyo, chama kisimame naye ili asikilizwe kwa haki, kwa maana kila mwanachama anastahili hilo, lakini kisisimame mbele yake kumficha. Ada ya chama hailipwi kwa ajili ya matusi. Najua maneno haya hayatapendwa na baadhi ya ndugu wa idara ya ulinzi. Nao wajue kwamba mama anayemwagiwa mboga ni mke wa mfanya kazi wa kiwanda kilicho upande wa pili wa barabara, ambaye chama chake tukigoma huja kusimama nasi.

Walakini mara nyingi, na nimekaa dirishani zaidi ya miaka ishirini na mitano, anayeonekana na raia si yule aliyemchelewesha. Raia hamwoni aliye juu. Humwona karani, humwona msimamizi wa soko, humwona askari. Akikasirika hukasirikia uso anaouona. Na mkubwa naye hupendezwa na mpango huo. Uchunguzi wa Ombudsman ndio ngazi inayopanda kutoka dirishani mpaka kule juu, ofisi kwa ofisi, ikiuliza karatasi ilisimama wapi. Sisi tunaopiga kelele ngazi hiyo iondolewe tunajitakia kubaki chini na lawama zote.

Lakini ngazi hiyo hupanda kwa karatasi. Kijana yule aliokolewa na rejista, si na hotuba zetu. Je, dirisha lako lina rejista? Najua ofisi tatu katika kaunti yetu ambazo barua hupokewa zikatupwa kapuni mpaka mtu apate nafasi, na ofisi moja ambayo mhuri umefungiwa kabatini kwa mkubwa, eti ili raia wasizoee kudai nakala! Karani wa ofisi hiyo siku ya kuulizwa atasema nini? Atasema "niliipeleka," na mwingine atasema "sikuiona," na kati ya wawili hao anayeaminiwa ni mwenye tai.

Sheria nyingine mbili zatupa nguvu, nazo hazisomwi. Katiba, kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi kwa upesi, kwa halali na kwa haki, na akidhurika apewe sababu kwa maandishi. Maana yake mkubwa akikuambia "mwambie tumekataa," unaweza kumwomba kwa adabu akuandikie sababu. Na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yasema mwenye kuomba habari ajibiwe kabla ya siku 21 kupita, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, kwa saa 48. Sheria hiyo humtaja mkuu wa ofisi mwenyewe kuwa ndiye ofisa wa kutoa habari. Aweza kumpa mtu mwingine kazi hiyo, lakini ampe waziwazi. Haikumtaja karani wa dirishani. Tena mfanya kazi anayefichua jambo la manufaa ya umma alilolijua kazini hawezi kuadhibiwa kazini kwa ajili hiyo, ila asiseme uwongo kwa makusudi, maana hilo ni kosa. Kusimamia sheria hii nako amepewa Ombudsman huyo huyo tunayetaka kumfukuza.

Wala tusisahau kwamba sisi pia ni wakaaji. Maji yakikatika mtaani kwetu hatuulizwi kama ni wanachama. Wazee wetu waliokatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya pensheni siku za baraza, kisha fedha zisifike katika mfuko, wamezunguka ofisi ngapi na barua zao? Mmoja alikuwa jirani yangu wa meza. Mimi nilimwandikia lalamiko lake kwenda kwa Tume, na kaunti ikaandikiwa, na kwa mara ya kwanza akapewa karatasi inayosema ni kiasi gani anachodai. Fedha zenyewe hazijamfikia zote, lakini sasa hakuna anayeweza kumwambia kwamba hadai kitu.

Basi mimi natoa shauri jingine badala ya lile lililopigiwa makofi. Tutakapokaa na kaunti kuzungumza mapatano mapya, tudai kila dirisha linalopokea raia liwe na rejista na mhuri wake, na kila anayepokea faili, awe mdogo au mkubwa, atie sahihi na tarehe. Tudai pia kwamba mfanya kazi akitakiwa ajieleze kwa sababu ya lalamiko la raia, aonyeshwe lalamiko lenyewe na faili lake kabla ya kuandika, na mtu wa chama akae karibu naye akitaka. Haya hayaongezi senti katika bajeti ya kaunti isipokuwa bei ya vitabu na wino. Wakiyakataa tutajua wanaogopa nini.

Na wewe ndugu yangu wa leseni, njoo ofisi ya tawi Jumanne jioni, uje na barua uliyoletewa na ile namba ya rejista. Usitie sahihi karatasi yo yote kabla ya hapo. Maelezo yako tutayaandika pamoja, tutataja tarehe uliyolipandisha faili, na jina la aliyelikalia tutaliandika kwa herufi kubwa ili lisomeke vizuri.

Ni mimi,
Karani Mzee